Pua Kavu

"Pua?"

"Kavu!"

"Koo?"

"Zima!"

Hivyo ndivyo kila asubuhi ilivyoanza kwenye lango la Makao ya Sokwe. Daktari wa wanyama, mwanamke mrefu aliyependa kuweka mikono nyuma, alisimama upande wa ndani akamuuliza kila mfanyakazi. Aliyejibu vizuri alinawa mikono kwa sabuni, akakanyaga maji ya dawa kwenye beseni, akavaa barakoa na kuingia. Aliyekuwa na mafua alirudi nyumbani, awe mfagizi au meneja. Sokwe huambukizwa mafua na binadamu kwa urahisi, na ugonjwa unaomfanya mtu apenge kamasi siku mbili tatu unaweza kumlaza sokwe asiamke tena.

Chiriku alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Jina hilo la utani alipewa na mama yake kwa sababu ya mdomo wake, ambao haukujua kupumzika. Likizo ilipoanza alimbembeleza Daktari, akambembeleza tena, mpaka Daktari akachoka na kumruhusu amsaidie mama yake aliyekuwa mpishi wa sokwe. Masharti yalikuwa mafupi: aishie jikoni na kwenye dirisha la chakula, barakoa isitoke usoni, na asitie mguu ndani ya uzio.

Watu waliowaona sokwe kwenye picha husema ni wanyama wa kupendeza. Mama yake Chiriku, aliyewapikia kwa miaka mingi, alikuwa na maoni yake.

"Wa kupendeza!" alisema asubuhi moja, huku akiokota vipande vya boga vilivyotupwa nje kupitia dirishani. "Nimelimenya, nimelichemsha, nimelipoza. Wamelinusa, wakalirusha. Hata asante hakuna."

"Mama, si jana walikataa bichi?"

"Jana walikataa bichi, leo wamekataa la kuchemsha. Kesho watataka lililoiva upande mmoja. Osha karoti, mwanangu, niache nipumue."

Aliyemtoa mama pumzi kuliko wote alikuwa dume kijana aliyeitwa Kasuku. Ni jina la ajabu kumpa mnyama asiye na bawa wala unyoya, ila aliyempa hakukosea. Kasuku aliiga kila alichokiona. Mjomba, kaka yake mama, ambaye alikuwa mlezi wa sokwe, alipofagia njia ya nje, Kasuku aliokota tawi akafagia ndani, kisha akaliegemea na kujishika kiuno kama mtu aliyechoshwa na kazi ngumu. Daktari alipopita, Kasuku aliweka mikono nyuma, akaenda naye sambamba upande wa pili wa wavu, tumbo mbele. Siku moja alichomoa ufunguo wa stoo mfukoni mwa Mjomba, akaujaribu kwenye kila tundu aliloliona, pamoja na tundu la sikio la Shangazi, sokwe jike mzee aliyekuwa amejilalia zake. Mjomba alimbembeleza kwa ndizi. Kasuku alikula ndizi zote na ufunguo hakuuachia. Mwishowe aliutupa mwenyewe kwenye pipa la maji alipouona hauna ladha.

"Nitaacha kazi," Mjomba alisema, mkono wake ukiwa ndani ya pipa hadi begani. Alisema hivyo kila wiki.

Ila kulikuwa na mmoja ambaye hata mama hakumlalamikia. Huyu alikuwa Kijiko. Aliletwa akiwa kichanga kisicho na mama, mdogo kiasi kwamba maziwa alinyweshwa kwa kijiko cha chai. Kisha akaugua kifua, nusura wampoteze. Alipona, lakini Daktari alisema mapafu yake hayataweza kustahimili ugonjwa mwingine kama ule. Tangu hapo alikaa peke yake kwenye chumba cha watoto. Shangazi alikuwa akija kila siku kukaa upande wa pili wa ukuta, akipitisha vidole vyake kwenye wavu ili Kijiko avishike.

Hatimaye Daktari alitoa ruhusa. Jumamosi mlango mdogo kati ya chumba cha watoto na banda la Shangazi ungefunguliwa, na Kijiko angepata familia. Mlango ule ulipandishwa kwa kamba iliyopita juu ya gurudumu dogo, na mtu aliivuta akiwa nje. Kwa kuwa ni Chiriku aliyechemsha chupa za Kijiko likizo nzima bila kuchoka, Daktari alimwambia, "Kamba utaivuta wewe."

Kuanzia saa hiyo Chiriku hakuwa na habari nyingine. Alimwambia jirani, muuza duka na watoto wa mtaa mzima. Alipokosa wa kumwambia, alimwambia mama yake tena.

"Nimesikia," mama alisema. "Hata sufuria zimesikia."

Jumatatu Chiriku aliamka pua imeziba. Alikaa kitandani akavuta pumzi. Tundu la kushoto lilikataa kabisa, la kulia lilipiga mluzi. Kisha chafya ikamjia.

Kwao mtu hakupiga chafya bila kuitikiwa. Hata mama akiwa nje anafua, alisikia na kupaza sauti: "Afya!" Chiriku aliufunika uso kwa mto, akaizima chafya humo. Alisubiri. Mama hakuitikia. Chiriku akajiambia kwamba chafya isiyoitikiwa haihesabiwi.

Langoni alisimama nyuma ya mama yake.

"Pua?" Daktari aliuliza.

Chiriku aliifikiria kamba. Ni neno moja tu. "Kavu!"

"Koo?"

"Zima!"

Akanawa, akakanyaga dawa, akaingia. Ikawa rahisi hivyo, na Jumanne ikawa rahisi zaidi. Aligundua mbinu: chafya ikija, ajiminye pua kwa vidole viwili juu ya barakoa, atazame darini na kumeza mate. Hata dirishani, mbele ya sokwe, mara nyingi ilirudi ilikotoka. Macho yalimtoka machozi, lakini jikoni kulikuwa na vitunguu vya chakula cha wafanyakazi, kwa hiyo hakuna aliyeuliza.

Tatizo lilikuwa kamasi, ambazo hazikujua mbinu. Alipokuwa akigawa karoti kwenye dirisha la chakula, pua ilianza kumchuruzika ndani ya barakoa. Aliangalia kulia na kushoto. Mjomba alikuwa mbali na toroli lake. Chiriku alishusha barakoa, akatoa kitambaa mfukoni na kuipangusa pua haraka haraka. Alipoinua macho, mkono mrefu mweusi ulikuwa umeshapita dirishani.

"Kasuku! Nipe! Nipe hapa!"

Kasuku alirudi nyuma na kitambaa chake. Alikinusa. Alijipangusa nacho pua, kushoto na kulia, kama alivyoona. Akakivaa kichwani, akakitafuna pembe, kisha akapanda nacho mtini.

Chiriku alimtazama Mjomba kule mbali. Ilimpasa amwite Mjomba. Lakini Mjomba angeuliza kitambaa kilitoka wapi, na kilikuwa kinapangusa nini, na kwa nini barakoa iko kidevuni. Akainyanyua barakoa, akamaliza kugawa karoti. Kasuku baadaye alikiangusha kitambaa karibu na wavu. Chiriku alikivuta kwa kijiti, akakitupa kwenye pipa la taka, akajiambia yameisha.

Hayakuisha. Siku iliyofuata Kasuku alikuja dirishani, akakaa mbele ya watu wote, akajiminya pua kwa vidole viwili, akatazama juu na kumeza mate.

Mjomba alicheka hadi akaweka ndoo chini. "Huu mpya! Anamwiga nani?"

"Wewe," mama alisema. "Ndivyo unavyofanya ukifagia banda."

"Mimi nafagia kwa pua wazi, dada yangu. Huyo ni Daktari akisikia harufu ya viatu vyangu."

Kasuku alipoona anachekwa alifurahi, akarudia, na akarudia tena. Alikifanya kichekesho kile asubuhi na jioni. Watu wote walicheka isipokuwa Chiriku, na mama yake aliligundua hilo.

"Leo chiriku wangu kanyamaza," alisema. "Unaumwa?"

"Hapana, mama. Nawaza tu kamba."

"Haya. Waza na karoti kidogo, zinakusubiri."

Jumamosi ikafika. Pua ya Chiriku ilikuwa nafuu, koo lilikuwa likimwasha, na langoni alijibu kama kawaida. Walisimama wanne nje ya mlango mdogo: Daktari, Mjomba, mama na Chiriku mwenyewe, kamba mkononi. Ndani ya chumba cha watoto, Kijiko alikuwa ameng'ang'ania tairi lake kuukuu. Upande wa pili Shangazi alikuwa amekaa mkao wa kusubiri, na nyuma yake Kasuku alikuwa akijifagia miguu kwa tawi.

Ghafla Kasuku alisimama. Akapindisha uso. Akapiga chafya kubwa iliyomfanya aangushe tawi.

"Afya, bwana mkubwa!" Mjomba aliitikia, na mama akacheka.

Daktari hakucheka. "Anaiga au anaumwa?"

"Anaiga!" mama alisema. "Huyo? Wiki nzima anajiminya pua. Kesho atakohoa, keshokutwa ataomba likizo ya ugonjwa."

"Kasuku hatungi vitu, anaiga alichokiona," Daktari alisema. "Nani amepiga chafya mbele yake?"

Mjomba aliinua mkono. "Mimi. Juzi nilikuwa nakung'uta majani makavu ya kulalia, vumbi likaniingia. Si nilikuambia, Daktari?"

"Kweli, uliniambia. Ilikuwa moja, ukanyamaza." Daktari alimtazama Kasuku kwa muda mrefu. Kasuku aliweka mikono nyuma akamtazama pia. "Basi, kama hakuna mwenye mafua humu, huo ni mchezo wake. Nauliza mara ya mwisho, maana mlango huu ukifunguliwa, Kijiko na Kasuku watakunywa maji ya ndoo moja. Pua?"

"Kavu," alisema Mjomba.

"Kavu," alisema mama.

Midomo ya Chiriku ilitikisika nyuma ya barakoa. Daktari alidhani amejibu. "Haya, Chiriku. Vuta."

Kijiko aliachia tairi. Alitambaa hadi mlangoni, akaingiza vidole vyake chini, kwenye upenyo, akivitafuta vya Shangazi. Vidole vyenyewe vilikuwa vyembamba kama njiti. Kamba ilikuwa laini, na ingevutika bila shida yoyote. Chiriku alikuwa ameiota kamba ile siku zote, na sasa aliichukia.

"Vuta, Chiriku," Mjomba alimhimiza. "Au ni nzito?"

"Pua yangu si kavu," Chiriku alisema.

"Unasemaje?"

"Si kavu, Daktari. Tangu Jumatatu. Nina mafua. Na Kasuku alichukua kitambaa changu dirishani, akakitia mdomoni. Anayemwiga ni mimi. Haigi chafya ya Mjomba." Maneno yaliyokuwa yamekwama wiki nzima yalitoka yote kwa mpigo, pamoja na machozi, na pamoja na chafya aliyoshindwa kuizuia.

Hakuna aliyesema "Afya."

Daktari aliichukua kamba mkononi mwake, taratibu, na kuifunga kwenye msumari. Kisha akawa mwepesi. Kijiko abaki alipo. Kasuku atengwe sasa hivi, na Shangazi asikaribie wavu wa Kijiko. Vyombo vyote vichemshwe upya. "Chiriku, nenda nje ya lango. Na wewe mpishi, mfuate. Mnalala nyumba moja."

"Mimi?" mama alishangaa. "Mimi sina hata..." Akaelewa. Akavua aproni yake.

Daktari hakumgombeza Chiriku, na Mjomba pia hakumgombeza. Mama aligomba kwa niaba ya wote, njia nzima hadi nyumbani.

"Tangu Jumatatu! Nimelala na mafua chumba kimoja, nimekula nayo meza moja, kisha kila asubuhi nasimama langoni najibu 'kavu' kwa sauti kama tarumbeta! Umenifanya mwongo na mimi mwenyewe sina habari. Unajua kinachoniuma? Ungeniambia Jumatatu, ungekaa nyumbani, ungepona, na huenda Jumamosi ungeivuta hiyo kamba yako. Kwa kuogopa kuikosa umeikosa, na umetukosesha wote. Na yule mtoto kakaa mlangoni anatafuta vidole vya watu!"

Chiriku alimfuata hatua chache nyuma. Mdomo ambao haukujua kupumzika ulikuwa umepata pumziko lake.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Mama alisugua sufuria zilizokuwa safi. Kila jioni Mjomba alikuja, akasimama nje ya ua, mbali, na Chiriku alimuuliza kutoka dirishani.

"Kijiko hajambo?"

"Hajambo. Anamlilia Shangazi."

"Kasuku amekula?"

"Ameacha. Hata ndizi."

"Ameiga mtu?"

Mjomba alitikisa kichwa. "Nimefagia mbele yake. Nimejishika kiuno. Amelala tu ananitazama, anakohoa."

Chiriku alifunga dirisha na kulia. Alikuwa amekereka na Kasuku likizo nzima, na sasa angetoa chochote amwone akifanya upuuzi mmoja. Mama alimsikia. Aliacha sufuria, akaja kukaa kando yake, akamsugua mgongo. Hasira zake zilikuwa zimemwishia, umebaki wasiwasi kama wa mwanawe.

Kisha jioni moja Mjomba alikuja na doa kubwa la njano kifuani.

"Umelifanya nini shati?" mama aliuliza.

"Boga," Mjomba alisema. "Nimempelekea boga la kuchemsha. Amelinusa, akanirushia. Halafu akajishika kiuno, akanitikisia kichwa kama wewe."

Mama alijishika kiuno. "Amelirusha? Boga langu?" Akaanza kucheka, akacheka hadi akaketi kizingitini. "Basi amepona, mpuuzi yule!"

Daktari alisubiri mpaka Kasuku alipomaliza kabisa kukohoa, kisha akapanga siku nyingine. Aliwatumia ujumbe kwamba kamba bado ni ya Chiriku, kwa sababu aliistahili pale alipokataa kuivuta. Chiriku aliusoma ujumbe huo mara nyingi. Asubuhi hiyo alivaa mapema kuliko mama yake, na njiani aliongea bila kituo.

Langoni Daktari alikuwa amesimama, mikono nyuma. "Pua?"

"Kavu!" mama alisema, akapita.

"Pua?"

Chiriku alifungua mdomo. Kisha akafunga. "Daktari, leo alfajiri nilipiga chafya moja. Nilikuwa nakung'uta shuka. Nadhani ni vumbi. Lakini sina hakika."

"Ee Mungu wangu!" mama aligeuka. "Chafya moja! Hata mimi sikuisikia!"

"Ndiyo maana nimeisema, mama."

Daktari alimtazama Chiriku kama alivyomtazama Kasuku siku ile, kwa muda mrefu. "Huenda ni vumbi," alisema. "Nami sina hakika. Nenda kwenye benchi la kilimani."

Benchi hilo lilikuwa nje ya uzio, juu ya kilima, ambapo wageni hukaa kuwatazama sokwe kwa mbali. Chiriku alikaa peke yake. Aliona kila kitu, kikiwa kidogo kwa sababu ya umbali. Aliona Mjomba akivuta kamba. Aliona mlango ukipanda, na Kijiko akitoa kichwa, akirudi ndani, akitoa kichwa tena. Shangazi hakumkimbilia. Alinyoosha mkono mmoja na kuuacha hapo chini, kiganja juu, mpaka Kijiko aliposhika kidole, kisha mkono, kisha shingo. Shangazi alimkumbatia na kuanza kumchambua manyoya kichwani. Kasuku alikuja kuchungulia. Alimtazama Shangazi, akaketi, akaanza kuuchambua mguu wake mwenyewe kwa makini yale yale.

Chiriku alilia kidogo, kwa furaha na kwa ile kamba pia.

Baada ya muda Daktari alipanda kilimani na kusimama hatua kadhaa kutoka kwenye benchi.

"Umekasirika?"

"Kidogo," Chiriku alijibu. "Niliitaka sana."

"Najua. Sikiliza, Chiriku. Mafua hayabishi hodi, humjia yeyote, na pua kulowa si kosa. Kosa lilikuwa kusema kavu. Pale langoni sina mashine ya kuzipima pua za watu. Nina neno lako tu. Likiwa la uongo, sabuni yangu, beseni langu na barakoa zangu zote hazifui dafu. Siku ile ulisema ukweli baada ya uongo kuumiza. Leo umeusema kabla ya yeyote kuumia, na umelipa kwa kitu ulichokipenda. Ndiyo maana Kijiko amepata mama, na mimi nimepata mtu ninayeweza kumwamini langoni."

Kule chini Kasuku alikuwa amewaona. Alipanda kwenye gogo, akahakikisha wanamtazama, akajiminya pua kwa vidole viwili na kuangalia mbinguni.

"Hatasahau, huyo," Daktari alisema.

"Nami pia," alisema Chiriku. Upepo ulileta vumbi kutoka njiani, naye hakuiminya pua. Aligeuza uso pembeni, akaziba mdomo kwa kiwiko na kupiga chafya iliyosikika bonde zima.

Kutoka jikoni, sauti ya mama yake ilipaa juu ya kelele za sokwe wote:

"Afya! Na ukae hukohuko!"